Moto umezimika, lakini moshi? Nani anachunga mapafu ya wazima-moto wetu

Kila nyumba inapoungua Goma, Bukavu ao huku kwetu Rutshuru, watu wanauliza maswali mawili. La kwanza: moto umetokea wapi? La pili: mbona gari ya wazima-moto imechelewa? Kuna swali la tatu ambalo halizoei kuulizwa, hata sisi wanahabari tunalisahau. Wale walioingia ndani ya moshi kuokoa watu na vitu, walikuwa wanapumua nini?

Leo tunataka kukaa kidogo juu ya hilo swali la tatu. Si mambo ya Ulaya tu. Kwetu huku, fasi nyumba ni za mbao na manjanja, fasi matela inapakana na mbabula na bidoni ya esansi, moshi unaumiza watu wengi kuliko tunavyozania. Na mtu wa kwanza kuumia ni yule tunayemwita atusaidie.

Nianze na jambo nililoliona mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilienda kufanya ripotaji ya moto katika mji mmoja wa huku mashariki. Nyumba zilikuwa zimekwisha, zilibaki nguzo nyeusi na manjanja yaliyojikunja. Moshi ulikuwa mdogo, kama wa jikoni. Nilisimama pale karibu saa nzima na mikro yangu, nikiuliza watu. Vijana walikuwa wanachakura majivu kwa mikono, wanatafuta sufuria, makaratasi ya kura na ya shule, pesa. Mzima-moto mmoja alikuwa na kofia na buti nzuri, lakini uso ulikuwa wazi. Nilimuona anakaa chini, anashika kichwa, kisha anatapika. Watu wakasema amechoka na jua. Mimi nilirudi nyumbani, nikakohoa kitu cheusi siku mbili. Nguo zangu zilifuliwa mara tatu na harufu haikutoka.

Siku hiyo nilizania ni jambo dogo. Baadaye nilipoanza kusoma na kuuliza watu wa afya, njo nikaelewa kama yule mzima-moto hakuchoka na jua.

Mazuku tunazijua, moshi hatuujui

Mtu wa Goma, wa Sake ao wa Rumangabo hana haja ya kufundishwa kama hewa inaweza kuua. Tuko na neno letu: mazuku. Ni ile gesi inayotoka ndani ya ardhi ya volkano na kukusanyika kwenye mashimo na mabonde, upande wa Mugunga, Bulengo, Lac Vert mpaka Sake. Haina rangi. Asubuhi unakuta mbuzi amelala amekufa, hana kidonda. Wakati mwingine ni mtoto. Vita ilipojaza watu kwenye kambi za upande wa Bulengo, wengi walitoka vijiji vya mbali na hawakujua neno hilo. Ilibidi waonyeshwe fasi gani wasilaze watoto.

Tunakumbuka pia mwezi wa tano 2021. Tarehe 22, siku ya posho jioni, Nyiragongo ilitapika. Lava ilishuka mpaka Buhene, karibu na uwanja wa ndege, na ikakata barabara ya Goma–Rutshuru, barabara yetu hii ya kila siku. Watu walikuwa na haraka ya kupita, wengine wanatafuta familia, wengine wanarudi kuangalia nyumba. Wakatembea juu ya lava iliyokuwa haijapoa. Watu kadhaa walianguka palepale na kufa. Hawakuungua, ni gesi waliyoivuta.

Sasa angalia. Mazuku tunaziheshimu kwa sababu wazee walitufundisha. Lakini moshi wa nyumba tunauzarau kwa sababu tunauona, tunazania kitu unachokiona unaweza kukikwepa. Kumbe sehemu mbaya kabisa ya moshi ni ile usiyoiona.

Na kuna jambo moja ambalo lingefaa lifundishwe katika kila shule ya Kivu. Gesi ya mazuku ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, njo maana inakaa chini. Ukiinama, unaingia ndani yake. Moshi wa moto ni kinyume: una joto, unapanda juu, na hewa yenye afadhali inabaki karibu na sakafu. Kwa hiyo tuko na sheria mbili ambazo zinapingana, na mtoto wa huku lazima ajue zote mbili. Katika nyumba inayowaka, shuka chini, tambaa. Kwenye mazuku, simama, panda juu, ondoka. Anayechanganya hizi mbili anaweza kufa.

Ndani ya moshi kuna nini?

Zamani nyumba ya babu ilikuwa ya miti, udongo na majani. Ikiungua, moshi wake ulikuwa mbaya, lakini ulikuwa moshi wa kuni. Ingia leo ndani ya chumba cha mpangaji Goma ao Kiwanja. Kuna matela ya sponji, viti vya plastiki, televisheni, pazia za nailoni, waya za kuran zilizofungwa na tepu, mabidoni, rangi ya mafuta ukutani. Karibu kila kitu ni mtoto wa petroli. Kikiungua kinarudisha sumu ambayo kuni hazikuwa nayo kwa wingi huo.

Tuchukue tatu tu.

Ya kwanza ni monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haikohozi. Ndani ya damu inashika pale hewa safi inapopaswa kushika, na nguvu yake ya kushika inapita mara 200 ile ya oksijeni. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anapata kizunguzungu, anatapika, anasema maneno yasiyoeleweka, miguu inaisha nguvu. Ni ile ile inayoua familia zinazolala na mbabula ya makala ndani ya nyumba iliyofungwa juu ya baridi. Kwetu Rumangabo, karibu na milima, baridi ya usiku tunaijua, na mbabula ndani ya chumba tunaijua pia.

Ya pili ni sianidi. Inatoka sana sana kwenye matela ya sponji, nailoni na sufu vinapoungua. Inazuia mwili kutumia oksijeni hata ile iliyokwisha kuingia. Ikikutana na ile ya kwanza, zinaua haraka kuliko kila moja peke yake.

Ya tatu haiui siku ile. Ni masizi na vile vitu vinavyopanda nayo: benzeni, formaldehidi, na jamii nzima ya sumu zinazokaa ndani ya ule weusi unaobaki kwenye ngozi na nguo. Pale nyumba za zamani zimejengwa na asbesto, vumbi lake nalo linaruka. Hizi zinasubiri. Zinaweza kusubiri miaka 20 na zaidi, halafu mtu anaanza kuumwa na hakuna anayekumbuka moto.

Kisha kuna esansi. Hatuwezi kuongea moto wa Kivu bila kutaja Kadhafi wetu, vijana wanaouza esansi kwa bidoni na chupa kando ya barabara. Wengi wanalala chumba kimoja na bidoni zao. Sange, katika Kivu ya Kusini, tarehe 2 mwezi wa saba 2010, kamio ya mafuta ilianguka jioni, watu wakakimbilia kuchota, wengine walikuwa wamejaa kwenye vyumba vya sinema wakiangalia mpira wa Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka, zaidi ya watu 230 walikufa. Goma nako, mwezi wa kwanza 2002, siku chache nyuma ya lava kuingia mjini, stasioni moja ya mafuta ililipuka watu wakiwa ndani wanachota, makumi wakafa. Mzima-moto anayeitwa kwenye moto wa aina hii hana nafasi ya kuchagua anapumua nini, labda awe amebeba hewa yake mwenyewe.

Hatari haiishi pale moto unapoisha

Hapa njo fasi watu wengi wanakosea, hata wazima-moto wenyewe. Wakati miali iko juu, kila mtu anaogopa, anakaa mbali. Miali ikishuka, watu wanaingia. Maski zinatolewa, kofia zinawekwa chini, watu wanachakura, wanapiga picha, wanakaa juu ya mbao zilizoungua wakila mkate. Lakini vitu vinavyofuka polepole bila miali vinatoa monoksidi ya kaboni kwa wingi, kwa sababu havipati hewa ya kutosha kuungua vizuri. Na masizi yanaruka kila unapogeuza bati.

Mwezi wa sita 2022, wataalamu 25 kutoka nchi 8 walikutana Lyon, Ufaransa, katika kituo cha Umoja wa Mataifa kinachochunguza kansa, kile kinaitwa IARC na kiko chini ya OMS. Walisoma tafiti za miaka mingi juu ya kazi ya uzima-moto. Zamani, mwaka 2007, kituo hicho kilikuwa kimesema kazi hiyo inaweza labda kuleta kansa. Mara hii neno labda liliondoka. Kazi ya mzima-moto ikawekwa kwenye kundi la kwanza, pamoja na tumbako na asbesto: inaleta kansa. Ushuhuda ulitosha kwa kansa ya ngozi inayofunika mapafu na ile ya kibofu cha mkojo, na kwa kansa nyingine kadhaa kuna dalili. Tuelewane vizuri: haimaanishi kila mzima-moto atapata kansa, wala haisemi hatari yake ni kubwa sawa na ya mvutaji wa sigara. Inamaanisha uhakika upo kama kazi yenyewe inaweza kuileta.

Katika mwezi ule ule, Shirika la Kazi Ulimwenguni liliandika mazingira salama ya kazi kati ya haki za msingi za mfanyakazi. Lakini sisi huku Rutshuru, mwezi wa sita 2022 tunaukumbuka kwa jambo lingine. Tarehe 13, Bunagana ilianguka. Watu walikuwa njiani na matela kichwani. Nani angesikia habari ya Lyon? Njo vile habari nyingi zinazotuhusu zinapita juu ya vichwa vyetu.

Mfano mwingine ni New York. Tarehe 11 mwezi wa tisa 2001, wazima-moto 343 wa mji ule walikufa siku moja, minara ilipoanguka. Dunia nzima ilijua. Lakini wenzao waliobaki walifanya kazi kwa miezi ndani ya vumbi na moshi wa mabaki, wengi bila maski nzuri. Ilipofika mwezi wa tisa 2023, wengine 343 walikuwa wamekufa kwa magonjwa ya ile hewa. Hesabu ikawa sawa. Moto uliua siku moja, hewa iliua kwa miaka 22. Na huo ni mji wenye pesa, wenye madaktari wa kuandika nani ameumwa nini. Kwetu mtu akikohoa miaka mitatu tunasema ni kifua kikuu ao ni mambo ya watu.

Kashene haitoshi

Tangu wakati wa Covid, kila nyumba iko na barakoa, ile tunaita kashene. Watu wanazania ukiivaa unaweza kuingia kwenye moshi. Hapana. Kashene inapunguza vumbi. Gesi inapita kama maji kwenye kitunga. Kitambaa chenye maji nacho kinazuia masizi kidogo na kupoza joto kidogo, basi. Monoksidi ya kaboni hakiioni. Kibaya zaidi, kinakupa moyo wa kuingia mbali kuliko ungeingia bila kitu.

Hata zile maski za mpira zenye chujio kubwa kama za watu wa rangi hazifai ndani ya nyumba inayowaka. Chujio linasafisha hewa iliyoko, lakini ndani ya moto hewa yenyewe imepungua. Oksijeni ambayo kwa kawaida ni 21 kwa mia inashuka, na chujio haliwezi kuiumba.

Kinachomlinda mzima-moto ni kifaa cha kupumulia: chupa ya hewa mgongoni, mpira mpaka kwenye maski inayofunga uso wote. Ndani ya chupa si oksijeni ya hospitali kama watu wanavyosema, ni hewa ya kawaida iliyosukumwa kwa nguvu. Chupa ya litre 6 ikijazwa kwa bari 300 inabeba karibu litre 1 800 za hewa. Mtu anayefanya kazi ngumu anavuta litre 40 mpaka 50 kwa dakika, na akiogopa anazidisha. Piga hesabu, ondoa akiba ya kutoka nayo nje, utakuta ni karibu nusu saa ao chini. Kwa hiyo chupa moja haitoshi. Kunahitajika chupa za kubadilisha, na kunahitajika mashine ya kujaza hewa safi, kupima chupa, kubadilisha mipira. Bila ile mashine, kifaa cha dola maelfu kinakuwa pambo la ofisi nyuma ya moto wa kwanza.

Na kifaa peke yake hakitoshi kama hakuna mazoea. Wawili wawili, hakuna anayeingia peke yake. Mmoja nje anaandika saa ya kuingia. Filimbi ya chupa ikilia, mnatoka, hata kama kazi haijaisha.

Kwa nini kwetu inakuwa ngumu

Sababu ya kwanza ni ile ya kila mahali: gari inaonekana, hewa haionekani. Kiongozi ao mfazili akitoa gari nyekundu, kuna sherehe, picha, hotuba. Chupa kumi za hewa na mashine ya kuzijaza, nani atazikatia riba? Kwa hiyo tunaweza kupata gari na kuendelea kupeleka watu uso wazi.

Ya pili ni maji na njia. Goma imejengwa juu ya jiwe la lava, kuchimba mtaro wa bomba ni kazi ya nyundo. Lava ya 2021 ilivunja tanki kubwa la maji na mamia ya maelfu ya watu wakabaki bila bomba. Avenyu nyingi za Birere, Majengo ao Katoyi gari kubwa haipiti vizuri. Moto unapata wakati wa kukua, na unapokua, moshi unakuwa mwingi na watu wa mikono mitupu wanakuwa wameingia zamani.

Ya tatu ni vita. Nyuma ya mapigano ya mwezi wa kwanza 2025 mjini Goma, uwanja wa ndege ulifungwa, mabenki yakafunga milango. Kitu chochote cha kuagizwa kikawa na njia ndefu na bei mpya. Hatuingii hapa kwenye siasa ya nani anaongoza nini. Tunasema tu kama moto hauulizi kadi ya chama, na yeyote anayekusanya taksi ya soko anapaswa kujibu juu ya soko likiungua.

Ya ine ni sisi wenyewe, raia. Gari ikifika, tunaizunguka. Tunapiga kelele: “Munakuya saa hii kufanya nini? Moto imesha kula yote!” Wengine wanaokota mawe. Mzima-moto anayesimama kuvaa maski dakika mbili tunamuita mwoga. Basi anaacha maski, anaingia, ili tusimtukane. Tunakuwa tumemsukuma wenyewe.

Na hapa kuna swali gumu, tusilikimbie. Kama mtoto analia ndani ya nyumba, na maski hakuna, mtu afanye nini? Mimi ni baba. Najua ningefanya nini, na wewe unajua. Hakuna sheria itakayomzuia mzazi. Lakini kwa wengine wote mazuku yametufundisha jambo: mmoja anaanguka kwenye shimo, wa pili anashuka kumtoa, anaanguka, wa tatu anafuata. Asubuhi tunazika watatu. Ndani ya moshi ni hivyo hivyo. Mtu wa pili anayeingia bila hewa mara nyingi haongezi uokozi, anaongeza maiti. Afazali avunje ukuta wa mbao kutoka nje, afungue njia ya moshi kutoka na ya mtu kutoka, kuliko kuingia mlangoni gizani. Njo sababu kuuliza habari ya vifaa si anasa. Kifaa kinamtoa mzima-moto kwenye hilo swali.

Na huku Rumangabo?

Rumangabo iko karibu kilometa 45 kutoka Goma. Watu wanatujua kwa mambo mawili: makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, na kambi ya jeshi. Lakini Rumangabo ni pia soko, shule, makanisa, nyumba za mbao zilizobanana kando ya barabara ya Bwisha. Tangu kituo cha Matebe kilipoanza kutoa umeme mwisho wa 2015, kuran imebadilisha maisha: mashine za unga, saluni, kuchomelea vyuma. Imeleta pia waya za kuungia na kushiriki nyumba tano kwa moja. Moto ukitokea hapa usiku, usisubiri gari ya Goma. Mzima-moto wa kwanza ni jirani. Yeye njo anapaswa kujua haya.

Kuna mambo ambayo hayaombi dola maelfu:

Simama upande upepo unatokea, si upande unakoelekea. Hii peke yake inapunguza moshi unaovuta, na haigharimu kitu.

Pigana na moto kutoka nje. Toa manjanja ya nyumba inayofuata ili moto ukose njia.

Moto ukizimika, hesabu watu, kisha ondokeni. Acha mabaki yapoe na kupata hewa mbele ya kuchakura. Watoto wasiingie kabisa. Wakati wa kuchakura, mwaga maji kidogo ili masizi yasiruke, na hapo kashene inasaidia kwa vumbi.

Osha. Utafiti uliotoka Marekani mwaka 2017 ulionyesha kama kusugua nguo za mzima-moto kwa maji, sabuni na burashi palepale kwenye moto kunaondoa karibu 85 kwa mia ya zile sumu za masizi zilizoshika juu yake. Burashi kavu iliondoa kidogo sana. Bidoni moja ya maji na kipande cha sabuni! Osha shingo, mikono, uso mbele ya kula ao kuvuta sigara. Usirudi na nguo ile kwenye kitanda, na usimbebe mtoto nayo.

Aliyevuta moshi apelekwe kwenye hewa, kisha kwenye kituo cha afya, hata akisema yuko sawa. Dawa yake ni oksijeni. Maziwa tunayozoea kumpa yanakwenda tumboni, hayaendi kwenye mapafu, na mtu aliyezimia anaweza kukabwa nayo. Wauguzi nao wajue: kile kifaa kidogo cha kidoleni cha kupima oksijeni kinadanganywa na monoksidi ya kaboni, kinaweza kuonyesha namba nzuri wakati mgonjwa anazidi. Muangalie mtu, usiangalie namba tu.

Maswali ya kuuliza

Mara nyingi mashirika ya raia yanapokutana na wenye mamlaka, ombi ni moja: gari ya kuzima moto. Tunashauri ombi liongezwe, na jibu liandikwe.

Wazima-moto wa mji ni wangapi, na wangapi wako na kifaa cha kupumulia kinachofanya kazi leo, si kwenye karatasi?

Chupa zinajazwa wapi, na nani amezipima mara ya mwisho?

Kuna daktari anayewapima mapafu kila mwaka? Kuna daftari inayoandika kila mmoja ameingia kwenye moto gani?

Mzima-moto akiugua nyuma ya miaka kumi, nani atalipa matibabu, na familia yake itapata nini? Katiba yetu, katika kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira yenye afya. Yeye pia ni mtu.

Na kwa vijiji kama vyetu vilivyo mbali na mji: kati ya Hifadhi, shule, makanisa na wakubwa wa kartie, nani atafundisha vijana ishirini namna ya kuzima moto bila kujiua?

Hakuna swali kati ya haya linalohitaji vita iishe mbele ya kujibiwa. Daftari ni fungu la karatasi. Sabuni inauzwa kwenye kila kibanda. Chupa za hewa zinahitaji pesa, lakini pesa zinaanza kutafutwa siku ile mtu anaanza kuuliza.

Mara ijayo ukiona gari nyekundu inapita mbio, ukiwa na hasira ya kuchelewa kwake, angalia pia nyuso za waliomo. Kama ziko wazi, usipige kelele ili waingie haraka. Uliza kesho yake kwenye ofisi: maski zao ziko wapi?